Kuku Wawili na Chuo Kimoja

Msimu wa kupulizia mikorosho mimi sina muda wa kufuga. Karakana yangu pale Ruangwa mjini ni chumba kimoja na kibaraza, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ukianza kushambulia maua, watu wanamiminika na mashine zao za kupulizia, zile za kubeba mgongoni, kila moja na ugonjwa wake. Hii haiwaki kabisa. Ile inawaka, ukiiweka mgongoni inazima. Nyingine imenyweshwa petroli bila oili na injini imekauka, halafu mwenyewe anakuapia kwamba oili aliweka. Kila mmoja anataka aondoke na mashine yake leo hii, kwa sababu ukungu haumsubiri fundi.

Sasa katikati ya vurugu hiyo, kwenye mguu wa meza yangu ya kazi, alikuwa amefungwa kuku. Mtetea wa madoadoa, mnene, mwenye dharau. Alikuwa akinyea spana zangu na kunitazama kwa jicho moja.

Mteja mmoja wa kutoka Malolo aliweka mashine yake chini akamwangalia. "Fundi, na huyu naye hawaki?"

"Huyu ni wa shemeji yangu," nikasema. "Kaja na mpwa wangu."

Alicheka, kisha kicheko kikaisha. Naye ni Mmwera kama mimi, mtu mzima, ana wapwa wake. "Ooh," akasema. "Basi pole, fundi."

Kwa asiyejua kwa nini nilipewa pole kwa kupewa kitoweo, inabidi nieleze. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anamlea, anamlisha, anampenda, lakini likija jambo zito juu ya mtoto, mwenye neno ni mjomba. Siku hizi mambo yamelegea sana, na wapo vijana wanaoa bila hata kujua mjomba wao anakaa wapi, lakini kwenye ukoo wetu bado tunashikilia. Baba akiwa na jambo la mtoto linalomshinda, anamtuma mtoto mwenyewe kwa mjomba, na kuku mkononi. Mjomba akimchinja, amepokea mzigo, na yatakayotokea, mema au mabaya, atayajibu yeye. Asipomchinja, bado anafikiri.

Mimi nilikuwa nafikiri. Na kila nilivyofikiri ndivyo kuku alivyozidi kunenepa.

Dada yangu mkubwa ameolewa Ruponda, upande wa Nachingwea. Mumewe ni Mmakonde ambaye babu zake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, mkulima wa korosho na ufuta, mtu mpole kupita kiasi. Mbwa akila mayai yake, yeye anamsikitikia mbwa. Tumeheshimiana tangu siku ya posa, na hatujawahi kupandishiana sauti hata mara moja. Zamani nilikuwa najivunia jambo hilo.

Binti yao wa kwanza ndiye huyo mpwa. Alipokuwa mdogo alikuwa anakuja kwangu likizo, na wakati wenzake wanacheza rede uwanjani yeye anachutama karibu yangu nikifungua injini. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mjomba, huyu kafa na nini?" Nikimwambia imeungua ringi, anataka aione hiyo ringi, aishike, aniulize kwa nini hii imeungua na ya jana haikuungua. Alisoma sayansi mpaka kidato cha sita, na miaka yote hiyo ukimuuliza anataka kuwa nani, jibu ni daktari, wala hapepesi macho.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu. Siyo kwa kishindo, lakini amefaulu. Tatizo ni kwamba chuo alichokitaka ni kile kikubwa cha udaktari cha Dar es Salaam, ambacho kila mtoto mwenye akili kali nchi hii anakikimbilia. Alama zake zilikuwa zinagusa kizingiti tu. Ruhusa ya kuomba alikuwa nayo. Mwalimu wake mmoja alimwambia usijidanganye binti, kuomba ni haki yako lakini kupata ni ndoto, omba uuguzi hapo Mtwara ulale usingizi. Na huo uuguzi wa Mtwara angeupata, hakuna aliyekuwa na shaka.

Basi jambo lilikuwa hilo. Aombe kile kikubwa au asiombe. Na dirisha la maombi lilikuwa wazi, likielekea kufungwa.

Utauliza, kuomba kuna hasara gani? Ndiyo hapo uone akili ya watu wa korosho. Sisi tunajua kitu kimoja juu ya kupimwa. Unapeleka gunia lako ghalani, wanachoma kwa kile chuma chao, wanatoa korosho kadhaa, wanazipasua, wanaangalia. Wakisema daraja la pili, limekwisha kuwa la pili. Huwezi kulibeba gunia lilelile ukalipeleka meza nyingine ukasema hawa ndio watalipenda. Limeandikwa, limejulikana, na jirani zako wote wamesikia. Ndiyo maana mkulima mwenye busara anazianika korosho zake, anazichambua, anahakikisha, na kama ana wasiwasi hajitutumui mbele ya mpimaji.

Mimi niliamini vyuo ni hivyohivyo. Niliamini kwamba chuo kikubwa kikimkataa mpwa wangu, watamwandika mahali, na hicho cha Mtwara kitauliza, huyu si ndiye aliyerudishwa Dar? Kitamkataa na chenyewe. Mtoto atabaki Ruponda akipalilia ufuta, na watu watasema ni mjomba wake aliyekula kuku. Wazo hilo lilinikosesha raha. Nilikuwa nakaza nati mpaka zinakatika.

Siku alipokuja na kuku nilimkaribisha vizuri, nikamnunulia soda. Akaniamkia, akakaa kwenye benchi, akanieleza yote. Halafu akasubiri neno langu.

"Baba yako anasemaje?" nikamuuliza.

"Baba anasema atakalosema mjomba."

"Na mama yako?"

"Mama anasema ana kazi ya kupika."

Nikamwambia ni jambo la kufikiri. Nikamwambia penye wazee haliharibiki neno. Akaniangalia kama vile alivyokuwa akiangalia injini mbovu, akanywa soda yake yote, akaaga. Kuku akabaki.

Nikafikiri vya kutosha, na mwisho wake nikaja na wazo ambalo siku ile niliona ni la hekima kubwa. Nilitafuta jogoo. Siyo jogoo wa mchezo, jogoo mwekundu wa kufukuzana na watu. Nikampa kondakta wa basi la Nachingwea ninayemfahamu, amfikishe kwa shemeji pamoja na maneno haya: "Shemeji, mtoto umemlea wewe, na mwenye shamba ndiye anayejua wakati wa kuvuna. Neno lako ndilo langu." Nikarudi kwenye mashine zangu nikipiga mluzi. Nilijiona nimeutua mzigo kwa adabu.

Simu ya dada ilinikuta nikiwa na mikono ya oili. Dada yangu haanzi na salamu akikasirika.

"Wewe, hili jogoo la nini?"

"Ni heshima kwa shemeji, dada."

"Heshima! Mwenzio toka lilipofika hali wala hanywi. Anasema shemeji amekataa mtoto, ameudhika, na yeye alikosea wapi. Sasa hivi yuko bandani anatafuta bata wa kukuletea."

"Bata?"

"Bata! Mkimaliza bata mtapelekeana mbuzi. Mtoto anashika simu anaangalia tarehe, anaweka, anashika tena. Na jogoo lenyewe limempiga kuku wangu wa vifaranga. Mdogo wangu, nakwambia kwa mara ya mwisho, njoo Ruponda. Na huyo mtetea njoo naye."

Ukiitwa na dada yako mkubwa kwa sauti ile, hata kama una mvi, unakwenda. Kesho yake nilifunga karakana katikati ya msimu, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata kwa malaria. Nikamfunga kuku nyuma ya pikipiki ndani ya kikapu, tukashika njia. Kila nilipopunguza mwendo kwenye makorongo alikuwa anatoa maoni yake.

Nilimkuta shemeji amesimama nje ananisubiri, amevaa shati la sikukuu. Tukasalimiana kwa mikono miwili. Akaniulizia habari za Ruangwa, habari za wateja, habari za watoto, habari za safari. Nami nikamuulizia habari za shamba, za ufuta, za mgongo wake. Habari zilipotuishia tukaanza upya. Tukaketi kwenye mkeka barazani, dada akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, na mpwa wangu akaketi karibu ya mama yake na simu mapajani.

"Shemeji," akasema shemeji, "mimi ni mlezi tu. Mwenye mtoto umefika."

"Hapana, shemeji," nikasema, "mimi nakaa mbali. Anayemwona mtoto kila siku ni wewe."

"Lakini ukoo ni wenu."

"Lakini jasho ni lako."

"Mimi nitafurahi kwa lolote utakalosema."

"Na mimi vilevile, lolote utakalosema wewe."

Tungeendelea mpaka mikorosho iangushe majani. Huko uani yule jogoo na yule mtetea walikuwa wameanza kufahamiana, angalau wao walikuwa wanasonga mbele. Kisha mpwa wangu akapiga magoti vizuri, kama alivyofundwa, na akazungumza kwa upole sana.

"Baba, mjomba, naomba radhi. Ila hapa wakubwa wangu mnazingua."

Shemeji hakulijua neno hilo, lakini alilielewa. Nilitaka kufoka kidogo, kwa ajili ya utaratibu, nikamwona dada ananitazama.

"Mlisema penye wazee haliharibiki neno," akaendelea. "Ni kweli, halijaharibika. Limekwama. Sasa nawaomba kitu kimoja tu, kila mmoja aseme anachokiogopa. Siyo anachokitaka. Anachokiogopa."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo, wala shemeji. Alikuna kidevu chake, akauangalia mkeka, na mwisho akasema taratibu, "Mimi naogopa daraja la pili."

Nilishtuka nikamgeukia. "Unasemaje, shemeji?"

"Wakimrudisha hao wa Dar. Si ameshaandikwa? Atapelekwa wapi tena? Mwaka ule gunia langu liliporudishwa, nililia, shemeji. Sikumwambia mtu. Sasa huyu siyo gunia."

Mwanamume mwenzangu alikuwa amebeba hofu ileile niliyoibeba mimi, neno kwa neno, upande wa pili wa njia, na kila mmoja wetu alikuwa amemfichia mwenzake kwa kutumia kuku. Nikasema, "Na mimi, shemeji. Hilohilo. Hilohilo hasa."

Mpwa wangu alitutazama kwa zamu. Kwanza midomo ilimcheza, nikajua anataka kucheka. Kisha macho yake yakajaa machozi.

"Baba," akasema, "vyuo haviulizani."

"Haviulizani vipi?"

"Haviulizani. Kila chuo unaomba chenyewe, kinaangalia alama zako chenyewe, kinajibu chenyewe. Cha Dar kikikataa, cha Mtwara hakijui na wala hakina habari. Naweza kukataliwa huku nikachukuliwa kule siku hiyohiyo. Hakuna anayeandika popote."

"Hakuna ghala kuu?" akauliza shemeji.

"Hakuna wa kunipiga muhuri wa daraja, baba."

Dada peke yake ndiye aliyekuwa anatikisa kichwa, kama mtu aliyeishi na watu hawa muda mrefu. Mimi nilipumua mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu kuku afike karakana. Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe? Wewe unaogopa nini?"

Alikuwa anaizungushazungusha simu mkononi.

"Nilikuwa naogopa kwamba hamsemi kwa sababu mnajua siwezi," akasema. "Nikasema, kama mjomba anayenijua tangu utotoni anashindwa kusema omba, basi ameona kitu. Ameona sifai."

Hilo lilinichoma. Nililiambia jua, niliuambia mkeka, nikamwambia na yeye mwenyewe, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Mwanangu, wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniuliza injini imekufa na nini. Wengine wote huuliza itapona lini. Omba. Omba hicho. Wakikukataa wamekosa wao." Shemeji akadakia, "Omba, mama, omba," kwa haraka kama mtu anayeogopa tutamnyang'anya zamu. Na kwa kuwa ulimi ukishafunguka haujui kusimama, nikaongeza, "Tena kama kweli haviulizani, kwa nini kimoja? Hakuna chuo kingine cha udaktari nchi hii?"

"Kipo cha Mwanza," akasema. "Nacho ni kigumu kupata. Sikutaka kukitaja, maana hiki kimoja tu kilikuwa kinawaua."

"Weka na hicho."

Aliomba palepale barazani, na sisi wawili tumemwinamia mabegani kama tunaangalia mpira. Mtandao ulikata, ukarudi, ukakata tena. Shemeji alimshikia simu juu akiwa amesimama kwenye kinu. Udaktari Dar, udaktari Mwanza, uuguzi Mtwara. Alipomaliza, alifuta jasho la mikono kwenye kanga yake akasema, "Tayari." Nilitegemea kusikia kishindo fulani. Hapakuwa na chochote, ila jogoo aliwika.

Dada hakuuliza mtu. Alichukua kisu akawachinjisha wote wawili, mtetea na jogoo, kwa chungu kimoja. Akasema kuku wa shemeji na kuku wa mjomba wamechoka kusafiri. Mchuzi uliwekwa nazi, ugali ukasongwa, na bakuli likaja katikati.

Pale ndipo likazuka la firigisi. Kila mtu anajua firigisi haiendi kwa yeyote tu, ni ya mkubwa wa jambo. Zilikuwa mbili. Shemeji alizichukua zote akaziweka upande wangu. Mimi nikazisogeza upande wake. Akazirudisha, "Hapana, shemeji, tafadhali." Nikasema, "Haiwezekani, shemeji." Tulikuwa tumeanza tena, na mimi nilikuwa sijui namna ya kuacha.

Mkono wa dada ukapita katikati yetu. Alizichukua firigisi zote mbili akaziweka mbele ya binti yake. "Aliyeamua ndiye ale," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Binti alituangalia, mimi na baba yake. Safari hii hatukuzisogeza. Akala moja, na ya pili akaimega akampa mama yake nusu.

Mavuno yalikuwa yameanza aliponipigia simu. Wateja wa kupulizia walikuwa wamekwisha, nilikuwa peke yangu nikisafisha kabureta.

"Shikamoo, mjomba. Wa Dar wamenikataa."

Haya ndiyo maneno niliyoyakimbia kiangazi chote kile. Yalipofika, nilisubiri dunia ifanye kitu. Barabarani mtu alikuwa anauza mihogo. Kabureta ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na niliposikia anacheka nikajua hakunipigia kwa ajili ya kupewa pole.

"Wa Mwanza wamenichukua, mjomba. Udaktari."

Niliketi kwenye benchi. Nililia, na sioni haya kusema, nililia na mikono imejaa petroli hata nisiweze kujifuta. Yeye alikuwa anaita huku, mjomba, mjomba, upo? Upande wa pili nilimsikia shemeji akiomba apewe simu, na dada akimwambia asubiri zamu yake. Nilipoweza kuongea, jambo la kwanza lililonitoka mdomoni, mimi mtu mzima niliyeelezwa yote yakaeleweka, lilikuwa hili: "Na hao wa Mwanza wanajua kama wa Dar wamekukataa?"

"Mjomba!"

"Nauliza tu."

"Haviulizani, mjomba," akasema, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.